Mti wa Buni na Mkono wa Serikali

Msimu wa kuchuma ufikapo katika nchi za Nyeri, Murang'a, Embu, Meru na Kisii, kazi huanza umande ungali majanini. Wanawake na vijana hushika vikapu, wakachuma buni nyekundu moja moja na kuziacha zilizo mbichi, kwa kuwa mbichi chache zaweza kuharibu sifa ya mzigo mzima. Mchana mizigo hupelekwa kwenye kiwanda cha chama cha ushirika. Huko buni humwagwa juu ya turubai, huchaguliwa mara ya pili, kisha hupandishwa mizani. Karani huitazama mizani, huandika kilo katika daftari, na mkulima hupewa stakabadhi yake.

Tangu hapo kahawa huwa imetoka mikononi mwa mwenyewe. Humenywa kwa mashine, huwekwa birikani ipate kuchacha, huoshwa mferejini, huanikwa juu ya vitanda vya waya, hukobolewa kinuni, na mwisho huuzwa, aghalabu kwa mnada wa Nairobi. Kilo sita au saba za buni hutoa kilo moja tu ya kahawa safi, na fedha zake humfikia mkulima baada ya miezi mingi. Udongo na mvua ni kazi ya Mungu, kupogoa na kupalilia ni kazi ya mkulima. Lakini nani apande, nani apime, nani auze na nani alipwe kwanza, hayo yote ni kazi ya sheria. Basi mwenye kutaka kujua jinsi utawala wa nchi uingiavyo mpaka jikoni mwa mwananchi, na autazame mti wa buni.

SHERIA ILIYOMZUIA MWENYE NCHI

Kahawa ililetwa Kenya na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Mapadri wa Kifaransa waliipanda Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, na baadaye ikapandwa karibu na Nairobi. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na gharama yake ilikuwa kubwa. Serikali ya Kiingereza ilitaka mazao ya kusafirishwa, ikawaita walowezi wa Kizungu na kuwapa ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu wakodishwe kwa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 ikaongeza muda huo hata ukafika miaka 999.

Mwafrika alilimia kahawa katika mashamba hayo, akajua kupanda, kupogoa na kuchuma. Lakini alipotaka kupanda miche michache nyumbani kwake hakupewa ruhusa. Walowezi walitaja sababu zao: kwamba magonjwa ya miti yangeenea, kwamba buni zingeibwa mashambani mwao, na kwamba kahawa ya Kenya ingepoteza jina zuri huko ng'ambo. Sababu nyingine haikuwa siri. Mtu mwenye zao la fedha nyumbani haendi kutafuta kibarua mbali. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na kipande, kilichoanza kutumika baada ya vita vya 1914–1918, kilimfuata mfanyakazi kila aendako. Hivyo kodi ilimtoa mtu kwake, nayo marufuku ya kahawa ikamfungia njia ya kurudi.

Kuvuka mpaka tu kulitosha kuonyesha kwamba hofu ile ilitiwa chumvi. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wakilima kahawa kwa mikono yao. Walianzisha chama cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha ushirika kilichojulikana kwa jina la KNCU. Waafrika wa Bukoba na wa Uganda nao walilima. Mti ulikuwa ule ule, na mlima uliwaangalia watu wa pande zote mbili. Tofauti ilikuwa katika baraza lililotunga sheria. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianza mwaka 1907, lakini halikuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka Bwana Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Tangazo la Serikali ya Uingereza la mwaka 1923 lilisema kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulizwa. Lakini maneno yaliyoandikwa London hayakumpa mkulima wa Kiambu hata mche mmoja. Mwenye kisu kikali ndiye ala nyama.

MLANGO WAFUNGULIWA KIDOGO KIDOGO

Katikati ya miaka ya 1930 Serikali ilikubali kujaribu. Waafrika wa Meru, Embu na Kisii waliruhusiwa kupanda kahawa chini ya uangalizi mkali, na idadi ya miche ya kila mtu ikawekewa mpaka. Wilaya hizo zilichaguliwa mbali na mashamba ya walowezi. Kiambu, Murang'a na Nyeri zilingoja mpaka mwanzo wa miaka ya 1950.

Mwaka 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa, na manung'uniko ya ardhi yakamwaga damu. Mwaka 1954 ukatolewa mpango wa Bwana Swynnerton wa Idara ya Kilimo, uliopewa paundi milioni 5 na Serikali ya Uingereza. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilikusanywa mahali pamoja, mwenyewe akapewa hati, Bwana Shamba akaleta miche, na kahawa ikaruhusiwa kwa wingi. Ni kweli kwamba mpango huo ulileta faida. Katika muda wa miaka kumi thamani ya mazao yaliyouzwa na wakulima wadogo iliongezeka zaidi ya maradufu, na nyumba nyingi zilipata mabati na karo ya shule kutokana na buni.

Lakini neema hiyo haikugawanywa sawa. Mpango wenyewe ulikiri kwamba wenye uwezo watapata ardhi zaidi, na wanyonge watapungukiwa, hata nchi iwe na tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo. Nao uliliona jambo hilo kuwa hatua ya kawaida. Katika nchi ya Wakikuyu mipaka ilipimwa wakati maelfu ya wanaume walikuwa vizuizini, na zaidi ya watu milioni moja wamehamishiwa vijijini kwa nguvu. Asiyekuwapo hakuweza kusimama mpakani na kusema, "Hapa ni pangu." Tena hati ziliandikwa, karibu zote, kwa majina ya wanaume. Mwanachama wa ushirika alikuwa mwenye shamba, na fedha zililipwa kwa mwanachama. Mwanamke aliyeshika kikapu tangu alfajiri alirudi nyumbani na vidole vyeusi kwa utomvu, lakini jina lake halikuwamo daftarini. Desturi hiyo haikuisha siku bendera ya Uingereza iliposhushwa.

MIZANI NA DAFTARI

Baada ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, vyama vya ushirika vilienea. Sheria iliyowafungulia Waafrika njia ya ushirika ilikuwa ya mwaka 1945. Ile ya mwaka 1966 ikaiweka Serikali karibu zaidi na vyama, ikikagua hesabu na kuidhinisha matumizi. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipaa, na miaka ya 1976 na 1977 ikakumbukwa kama miaka ya kahawa. Mazao yaliendelea kupanda hata yakakaribia tani 130,000 katika msimu wa 1987/88.

Kisha mambo yakageuka. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya nchi zilimazo kahawa na nchi ziinunuazo, ambayo yalikuwa yakigawa kiasi cha kuuza, yalivunjika, na bei ikaporomoka. Mkulima wa Othaya hakuwa na kiti katika mkutano huo, lakini hasara ilimfikia. Nyumbani nako sheria ilimkataza kung'oa mibuni bila idhini, ingawa malipo hayakutosha hata kununua dawa na mbolea. Wengi walipanda mahindi na maharagwe kati ya mistari. Wengine waliiacha miti ikawa msitu. Wengine waliikata wakisubiri kushtakiwa. Nusu karne mapema mtu alizuiwa kupanda. Sasa alizuiwa kung'oa. Katika nyakati zote mbili aliyeamua hakuwa yule mwenye jembe.

Mwaka 1997 sheria mpya iliwaachia wanachama vyama vyao. Lilikuwa jambo la haki kwa jina, lakini Serikali iliondoa mkono wake kabla wanachama hawajazoea kushika hesabu. Vyama vikubwa viligawanyika vipande vipande, kila mto ukitaka kiwanda chake; uchaguzi wa kamati uligeuka vita; mikopo ilichukuliwa kwa majina ya watu wasioijua. Mwaka 2004 sheria ilirekebishwa na ukaguzi ukarudishwa. Hata hivyo, mwaka 2009 KPCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1937, kiliwekwa chini ya mfilisi kwa sababu ya madeni. Katika miaka ya karibuni mavuno ya nchi nzima yamekuwa kama tani 50,000 tu, na karibu na Nairobi mashamba makubwa yaliyokuwa ya kahawa yamegeuka mitaa ya nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

FAIDA YA WOTE HAIJI KWA BAHATI

Historia hii ina funzo kwa wale wasemao kwamba siasa ni mambo ya mjini, na kwamba mkulima na ashike jembe lake awaachie wakubwa. Jembe halikuwahi kuwa peke yake. Sheria ya leseni ilimfanya mtu kibarua katika nchi yake. Sheria ya hati ilimpa mmoja shamba na kumnyima mwingine. Sheria ya ushirika ilijenga viwanda, na udhaifu wake ukaviuza.

Funzo la pili ni kwamba Serikali yaweza kukosa kwa njia mbili. Yakosa inapomshika mkulima mkono asiweze kutenda, na yakosa inapomwacha peke yake mbele ya mwenye nguvu. Iliyo njema ni ile iwekayo mizani ya haki, ikague vitabu, imwadhibu mwizi, kisha imwache mwenye shamba achague alime nini na amuuzie nani. Mwaka 2023 ulianza utaratibu mpya wa kupitisha fedha za mnada katika benki, ili kila mwenye haki alipwe fungu lake moja kwa moja. Huo ni mwendo mwema. Lakini utaratibu wowote ni mzuri kadiri ya watu wanaousimamia.

Hapa karani na mkulima wana kazi moja. Karani aandikapo kilo 40 kwa mzigo wa kilo 43, hakuiba kilo 3 tu. Ameula uaminifu ambao watu waliujenga kwa miaka mingi. Mkulima asiyehudhuria mkutano mkuu wa mwaka, au ahudhuriaye kwa ajili ya soda na nauli, huwa amewapa wengine kalamu ya kuandika riziki yake. Na nyumba ambayo mchumaji hajui kiasi kilicholipwa imeanza kujifanyia yale yale iliyoyalaumu kwa walowezi.

Mvunja nchi ni mwananchi, wala mjenzi wake si mtu mwingine. Stakabadhi ile ndogo itolewayo kiwandani yaonekana kitu hafifu, lakini ndani yake mna ardhi, jasho, sheria na uaminifu. Ashikaye stakabadhi yake na aisome, aihifadhi, na siku ya hesabu asimame nayo mkutanoni aulize.