Kinshasa na Lubumbashi: Karibu Angani, Mbali Ardhini

Katika nchi jirani ya Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo, masafa kutoka uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa, hadi ule wa Luano, Lubumbashi, ni kilomita zipatazo 1,550 kwa mstari ulionyoka. Ndege ya jeti huyakata kwa muda wa saa mbili na dakika kadhaa.

Hata hivyo, saa za ukutani hutoa hesabu nyingine, kwa kuwa Lubumbashi imetangulia Kinshasa kwa saa moja. Ndege ikiondoka Kinshasa saa 2:00 asubuhi na kuruka kwa saa mbili kamili, hutua Lubumbashi saa 5:00. Ikianza kurudi saa 8:00 mchana, hutua Kinshasa saa 9:00, kana kwamba safari imekuwa ya saa moja tu.

Lakini hesabu iliyo nzito zaidi ni ya yule asiyeweza kulipa nauli ya ndege. Hakuna reli inayokwenda moja kwa moja baina ya miji hiyo miwili. Reli itokayo Katanga huishia Ilebo, bandari ya mto Kasai iliyofikiwa mwaka 1928. Hapo abiria na shehena hawana budi kuingia katika vyombo vya mtoni hadi Kinshasa. Barabara nazo ni mbovu, hasa wakati wa masika, na safari ya saa mbili angani hugeuka kuwa ya siku nyingi, pengine majuma.

Hali hiyo haikuzuka kwa bahati mbaya. Wakoloni wa Kibelgiji walijenga njia za kutolea madini, si za kuwakutanisha wananchi. Reli kutoka kusini ilifika Lubumbashi, iliyoitwa Elisabethville wakati huo, mwaka 1910. Na mwaka 1931 shaba ilipata njia ya reli hadi bandari ya Lobito, Angola. Katanga ikazoea kuelekea nje. Ilipojitenga kati ya mwaka 1960 na 1963, kwa msaada wa makampuni na askari wa kigeni, serikali changa ya Kinshasa haikuwa na njia nyepesi ya kuifikia.

Hata leo, Lubumbashi iko karibu zaidi na Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 1,400 kwa anga, kuliko makao makuu ya nchi yake. Wakazi wake husema Kiswahili, na shaba ya Katanga hupitia Zambia kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam. Kongo kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kumethibitisha uhusiano uliokuwapo tangu zamani.

Ni dhahiri, basi, kwamba ndege huwaunganisha mawaziri, maofisa na wafanyabiashara wakubwa. Mkulima na mwanafunzi wa Kongo wangali wanangoja reli na barabara. Mpaka zitakapojengwa, umoja wa taifa hilo kubwa utaendelea kutegemea tiketi ambayo wananchi walio wengi hawaimudu.