Selimundu: mazingira nayo yana sauti

Chukua tone la damu ya mtu mwenye jeni moja ya selimundu, uliweke kwenye kioo, ulitazame kwa hadubini. Hutaona la ajabu. Chembe nyekundu ni za mviringo, zimebonyea katikati kama za mtu yeyote. Sasa litie tone la sodiamu metabisalfaiti, dawa inayomaliza oksijeni, ufunike na kuziba kingo ili hewa isipite. Subiri nusu saa, hata saa nzima. Ukirudi, chembe zilezile zimejikunja, nyingi zimechongoka ncha mbili kama mundu wa kuvunia mpunga.

Jeni iliyokuwemo ni ileile. Kilichoondoka ni oksijeni tu. Kwa hiyo ninapoulizwa hapa Mpanda kama selimundu ni ugonjwa wa ukoo au wa mazingira, hutamani kumketisha muulizaji mbele ya kioo kile.

Jeni hiyo ni maelekezo ya kutengeneza himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Kosa lake ni dogo mno: katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, asidi ya amino iitwayo glutamiki imeachia nafasi valini. Oksijeni ikipungua, himoglobini ya namna hiyo hushikana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nzima hupinda. Aliyerithi jeni moja ana himoglobini ya kawaida ya kutosha, hivyo huishi miaka yake yote pasipo kujua. Aliyerithi mbili, ya baba na ya mama, ndiye mgonjwa.

Jeni yenye madhara hivi ingepaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Kwa nini haikupungua? Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alizunguka Kenya akipima damu. Mwambaoni na kando ya Ziwa Victoria, wenye jeni hiyo walipita 20 katika kila watu 100. Nyanda za juu, kwenye baridi, hawakufika hata mmoja. Ramani ya jeni ilifuata ramani ya mbu. Mwaka 1954 akachapisha hoja kwamba jeni moja ya selimundu humkinga mtoto na malaria, na tafiti zilizofuata zilionyesha kinga hiyo hufikia kama asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Wajukuu wa Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani bado wanayo jeni hiyo mahali ambapo malaria imekwisha. Huko mzigo umebaki, faida imetoweka.

Katavi, mkoa wetu, bado ni nchi ya mbu. Mvua zikianza Novemba, mabonde ya mpunga hujaa maji, na foleni za watoto wenye homa hurefuka zahanatini. Kuna Wabende, Wapimbwe na Wakonongo wenye asili ya hapa, Wasukuma walioshuka na ng'ombe wao, na familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972 zikakaa Katumba na Mishamo. Kila ukoo umekuja na damu iliyochujwa na mbu wa kwao, na sasa wanaoana.

Watu wengi hupotoka hapa: husikia kwamba selimundu hukinga malaria, wakadhani mtoto mgonjwa amekingwa. Hapana! Kinga ni ya mwenye jeni moja. Mwenye mbili akipata malaria, upungufu wa damu alionao huzidi ghafla na anaweza kufa. Bandama yake, inayopambana na bakteria, huharibika mapema, ndiyo maana hupewa penisilini kila siku hadi miaka 5. Chandarua kwake ni dawa.

Tena ugonjwa hauonekani tangu kuzaliwa. Mtoto mchanga hutumia himoglobini ya tumboni, ambayo haipindi, na hiyo hupungua polepole miezi ya mwanzo. Karibu na miezi 6 viganja na nyayo huvimba, mtoto analia usiku kucha, na watu wanaanza kutaja wachawi au kumlaumu mama. Inaniuma sana, maana mgonjwa amepokea jeni moja kwa kila mzazi, sawa kwa sawa. Wazazi wenye jeni moja moja, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuzaa mgonjwa, hata kama watoto waliotangulia wote ni wazima. Kipimo cha kioo nacho hakitofautishi jeni moja na mbili. Jibu likiwa chanya, omba kipimo cha kutenganisha himoglobini.

Sasa tazama ndugu wawili wenye jeni mbili kila mmoja. Mmoja analala ndani ya chandarua, anavaa sweta asubuhi za Juni na Julai, anakunywa maji siku nzima. Mwingine hana hayo, na baridi, kiu na homa ndivyo vinavyoziamsha chembe kupinda, zikaziba mishipa, mifupa ikauma. Figo za wote wawili haziwezi kukoleza mkojo, hivyo hukojoa mara nyingi na kupoteza maji upesi. Darasani mtoto mwenye jeni mbili huomba ruhusa ya kutoka, akirudi anaomba kwenda kunywa maji. Mwalimu anayedhani anatoroka somo humkatalia. Aliyeambiwa na mzazi humwachia chupa ya maji juu ya dawati.