Tarafa ya Gosaba na Matuta Yake

Tukitaja India darasani, mara nyingi tunazungumza juu ya miji mikubwa kama Delhi na Mumbai, au milima ya Himalaya, au mto Ganges. Hizo ni habari njema, lakini mtu hawezi kuijua nchi kwa majina ya miji yake tu, kama vile mgeni asivyoweza kuijua nchi yetu kwa kutazama bandari ya Dar es Salaam peke yake. Kwa hiyo muhula huu nimependa kuwaeleza wanafunzi, pamoja na wazazi wasomao gazeti hili, habari za sehemu moja ya shamba iitwayo Gosaba. Nimeichagua kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi hiyo iko chini kuliko maji ya bahari yanapojaa, na hata hivyo watu karibu laki mbili na nusu wanalima, wanasoma, wanaoa na kuzeeka hapo. Yafaa tuelewe jambo hilo linawezekanaje.

TARAFA KATIKA INDIA

India imegawanywa katika majimbo, na kila jimbo lina wilaya zake. Chini ya wilaya ziko sehemu ambazo twaweza kuzilinganisha na tarafa zetu. Mpango wa kuziunda tarafa hizo kwa ajili ya maendeleo ya vijijini ulianzishwa tarehe 2 Oktoba 1952, siku ya kuzaliwa kwake Mahatma Gandhi. Kila tarafa ina Afisa Maendeleo wake, na chini yake yako mabaraza ya vijiji ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka mitano. Tangu katiba ya India ilipobadilishwa katika mwaka 1992, sharti theluthi moja ya viti vya mabaraza hayo, au zaidi, ishikwe na wanawake.

Gosaba ni tarafa ya wilaya ya South 24 Parganas, katika jimbo la Bengal Magharibi. Ina mabaraza ya vijiji 14, na eneo lake ni kilomita za mraba kama 297. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 walionekana watu 246,598, maana yake ni zaidi ya watu 800 katika kila kilomita ya mraba. Wote walihesabiwa kuwa watu wa shamba, kwa kuwa hapana mji hata mmoja katika tarafa nzima.

NCHI ILIVYOFANYIKA

Mito Ganges na Brahmaputra huchukua udongo mwingi kutoka milimani na kuutua karibu na bahari. Kwa muda wa maelfu ya miaka udongo huo umefanya visiwa vingi vya matope vilivyotengwa na mikono ya mito, na juu yake umeota msitu mkubwa wa mikoko uitwao Sundarbans. Msitu huo uko nusu katika India na nusu katika Bangladesh, na sehemu iliyo kubwa zaidi ni ya Bangladesh. Upande wa India viko visiwa 102. Kati ya hivyo, 54 vinakaliwa na watu na 48 ni vya msitu na wanyama. Gosaba ni katika zile tarafa za mwisho kabisa zinazokaliwa na watu. Ukivuka mto kwenda kusini, unaingia msituni.

Wenzetu wanaotoka Rufiji hawangeona ugeni wangefika huko. Wangeiona mikoko, na mchu wenye mizizi iliyosimama juu ya matope kama vidole. Hata ule mti uitwao sundari, ambao wengi husema ndio uliolipa msitu jina lake, ni jamaa wa karibu wa msikundazi wetu. Siku hizi sundari ni haba upande wa India, kwa sababu maji ya Ganges yamehamia zaidi mashariki. Mito kama Matla na Bidyadhari imebaki bila maji matamu ya kutosha, na chumvi imezidi.

Ama kwa upepo, ule ule wa kusi tunaoujua pwani yetu huvuka ikweta, ukageuka na kuingia India ukitoka kusini-magharibi. Huko ndio uletao mvua kubwa kutoka Juni mpaka Septemba.

KAZI YA TUTA

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Katika mito ya Gosaba maji hupanda na kushuka kama mita 3 hadi 5. Basi wakati wa kupwa nchi yaonekana imeinuka vizuri, nazo mashua zimelala matopeni chini kabisa. Wakati wa kujaa, hasa siku za bamvua, maji ya mto yako juu kuliko shamba la mpunga lililo hatua chache tu kutoka ukingoni. Kinachoyazuia ni tuta la udongo lililozunguka kisiwa chote. Matuta ya visiwa vinavyokaliwa na watu katika Sundarbans ya India, ukiyaunganisha, yana urefu wa kilomita kama 3,500.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka wasomaji walishike. Kisiwa cha matope hukua kwa sababu maji yakijaa hukifunika, na yakitulia huacha udongo kidogo juu yake. Kwa njia hiyo nchi huinuka polepole mpaka iwe juu ya maji. Lakini watu walikata msitu na kujenga matuta kabla kazi hiyo haijakwisha. Tangu siku ile udongo wa mto hauingii tena shambani. Nchi ya ndani imebaki chini, tena imeshuka kidogo kwa kukauka na kushindiliwa, na udongo uliokuwa uingie ndani unatua katika njia ya mto na kuinua sakafu yake. Kwa hiyo tuta linalomlinda mkulima leo ndilo lililoizuia nchi yake isikue, na kila miaka ikipita haja ya tuta inazidi. Juu ya hayo, usawa wa bahari unapanda kwa sababu ya joto la dunia kuongezeka.

WATU NA WALIKOTOKA

Watu wa Gosaba si wenyeji wa siku nyingi. Wengi ni wajukuu na vitukuu vya watu maskini waliokuja kutafuta ardhi kutoka sehemu nyingine za Bengal. Wengine ni wa kabila za Munda, Oraon na Santal, waliotoka nyanda za juu za Chota Nagpur na kuletwa kukata msitu. Lugha ya wote ni Kibengali, na mwanafunzi wa Kiswahili angeweza kutambua baadhi ya maneno yake, maana dunia, kalamu, hewa na bandari yote yana ndugu zao katika lugha hiyo, kwa kuwa sisi na wao tumeyapata kwa Waarabu na Waajemi.

Ustawi wa visiwa hivi wahusiana sana na Mskoti mmoja, Sir Daniel Hamilton. Alikuwa mkubwa katika kampuni ya Mackinnon Mackenzie huko Calcutta, ambayo ilikuwa wakala wa meli za British India, zile ambazo wazee wetu walikuwa wakiziona Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Katika mwaka 1903 alipata kwa serikali ya wakati ule ekari kama 9,000 katika Gosaba. Aliwaalika watu wasio na ardhi, akawazuia wakopeshaji wa riba wasikanyage huko, akajenga shule, na kuanzisha vyama vya ushirika. Benki ya ushirika ilifunguliwa mwaka 1924, na kinu cha mpunga mwaka 1927. Mwaka 1936 hata alitoa noti yake mwenyewe ya rupia moja, itumike ndani ya visiwa vyake tu. Mshairi Rabindranath Tagore alikwenda kuitazama kazi hiyo mwishoni mwa mwaka 1932. Hamilton alifariki mwaka 1939, na baada yake ushirika ule ulififia, lakini watu hawakuondoka.

KAZI ZAO

Kazi kubwa ni kilimo cha mpunga. Hupandwa wakati wa mvua, ambapo maji matamu huosha chumvi ya udongo, na huvunwa Novemba na Desemba. Baada ya hapo nchi hukauka na chumvi hupanda juu, kwa hiyo mavuno ya pili ni shida isipokuwa kwa mwenye kidimbwi cha maji ya mvua. Karibu kila nyumba huchimba kidimbwi chake, wakafuga samaki na kumwagia bustani.

Shamba peke yake halitoshi. Wanaume huvua samaki na kaa katika mito. Wanawake wengi huingia majini mpaka kiunoni, wakivuta wavu mdogo ukingoni ili kunasa watoto wa kamba wa kuwauzia wenye mabwawa. Ni kazi ya hatari, kwa sababu mamba wamo. Na katika Aprili na Mei makundi ya watu huingia msituni kwa kibali cha Idara ya Misitu kutafuta asali ya nyuki wakubwa wa mwitu.

Huko msituni wako chui milia. Hesabu ya mwaka 2022 iliwapata kama 100 upande wa India. Wanyama hawa huogelea vizuri sana, na huko hupata kushambulia watu, kwa hiyo katika vijiji vilivyo karibu na msitu wako wajane wengi waliofiwa na waume zao kwa njia hiyo. Katika miaka ya 1980 watu walijaribu kuvaa sura za bandia kisogoni, maana chui hupenda kumvamia mtu kwa nyuma. Ilisaidia kwa muda, kisha chui wakazizoea.

Kabla ya kuingia msituni, Wahindu na Waislamu pamoja humwomba Bonbibi. Bon maana yake ni msitu, na bibi ni neno tunalolijua. Husimuliwa kwamba alikuwa binti wa fakiri wa Makka, akatumwa kuwalinda maskini na yule mwovu Dakshin Rai, ajigeuzaye chui. Sharti lake ni kwamba mtu aingie msituni kwa haja tu, wala si kwa tamaa. Ni imani yao, lakini naona pia ni sheria nzuri ya kuhifadhi msitu.

TUFANI

Tarehe 25 Mei 2009 tufani iitwayo Aila iliwafikia, siku moja tu baada ya mwezi mpya, yaani katika bamvua. Katika Sundarbans ya India kilomita 778 za matuta ziliharibika. Maji ya chumvi yaliingia mashambani na vidimbwini, samaki wakafa, na mahali pengi mpunga haukuota vizuri kwa miaka miwili au mitatu. Wakulima wakaanza kutafuta mbegu za kale zivumiliazo chumvi, kama Matla, Nona Bokra, na moja iitwayo Hamilton, ambazo zilikuwa zimeachwa kwa ajili ya mbegu mpya zenye mavuno makubwa. Vijana wengi walikwenda mbali, hata Kerala na Tamil Nadu, kufanya kazi za ujenzi, wakawaachia wazee na wake zao mashamba. Tufani Amphan ikafuata tarehe 20 Mei 2020, na Yaas tarehe 26 Mei 2021, nayo iliangukia siku ya mwezi mpevu.

Tuta likivunjika na mto ukila ukingo, hujengwa jingine nyuma yake, ndani zaidi. Shamba lililobaki katikati huachiwa mto. Hata tuta jipya la mawe na saruji, ambalo ni pana zaidi, lataka ardhi, na ardhi hiyo ni ya mtu. Basi kila mara huja swali gumu katika baraza la kijiji: shamba la nani litolewe ili mengine yapone? Mwenye ekari moja akitoa nusu yake hana cha kumlisha mtoto, na akikataa, kijiji kizima chaweza kuingiwa na maji. Hakuna fundi awezaye kulijibu swali hilo kwa vipimo peke yake. Serikali inaweza kulipa fidia, na yapasa ilipe kwa haki na kwa wakati, lakini jirani naye ana wajibu.

Jambo moja limeonekana kuwa na faida, nalo ni kupanda mikoko nje ya tuta. Mizizi yake hushika udongo, na matawi huvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika. Kazi hiyo hufanywa zaidi na wanawake wa vijiji, ambao hupanda miche matopeni na kuilinda isiliwe na mbuzi.

Wanafunzi watakaokuwa maafisa wa kilimo, wahandisi au madiwani wayafikiri haya. Katika delta ya Rufiji nako watu wamekata mikoko ili kulima mpunga, nao wana haja ya chakula kama watu wa Gosaba. Mtu asiwalaumu kabla ya kujua shida yao. Lakini ni heri kujua mapema kwamba nchi iliyofungiwa maji yake hubaki ilipo, na atakayejenga tuta la kwanza anawapa wajukuu wake kazi ya kulitunza daima.