Wachoraji wa Mimea na Ushahidi wa Michoro Yao

Katika miezi ya Septemba na Oktoba, wakati ardhi ingali kavu na mvua za kwanza hazijanyesha, misitu ya miombo ya upande wa Nalasi, kusini mwa wilaya ya Tunduru katika mkoa wa Ruvuma, hubadilika kwa namna ya kustaajabisha. Miti iliyopukutisha majani wakati wa kiangazi huanza kuchipua, na majani machanga ya mingi kati yake si ya kijani. Ni mekundu, mengine yana rangi ya shaba, mengine hudhurungi iliyochanganyika na waridi. Rangi hiyo hutokana na kemikali iitwayo anthosiani, ambayo wataalamu wengi huamini kuwa hulikinga jani changa dhidi ya jua kali. Baada ya muda mfupi kijani hushinda, na mgeni afikaye mwezi wa Desemba huona shida kuamini kwamba msitu huo huo ulikuwa ukifanana na moto.

Mwanafunzi akikata tawi moja la mti wa namna hiyo, akalibana kati ya magazeti na kulikausha kama wafanyavyo wataalamu wa mimea, atapata kielelezo kizuri cha kisayansi. Umbo la jani, mpangilio wa vijani vyake na njia za mishipa, vyote vitakuwapo. Rangi haitakuwapo, jani litakuwa limegeuka kahawia kama karatasi ya kaki. Akipiga picha kwa kamera ataipata rangi, lakini tawi la nyuma litaingiliana na la mbele, petali zitaficha stameni, na sehemu moja itaonekana kwa dhahiri huku nyingine ikiwa na ukungu. Kati ya mapungufu hayo mawili ndipo ilipo kazi ya mchoraji wa mimea.

Wilaya ya Tunduru si ngeni kwa sanaa ya uchoraji. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji wa Tanzania, alizaliwa huko mwaka 1932. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya mbao laini za mraba kwa rangi za kung'aa za baiskeli, akafariki mwaka 1972, na baadhi ya waliomfuata katika kazi hiyo walikuwa jamaa zake na watu wa nyumbani kwake. Katika picha za mtindo huo miti na maua yamo kwa wingi, lakini yamewekwa ili kupamba na kujaza nafasi kati ya ndege na wanyama. Hakuna anayemtarajia mchoraji wa Tingatinga ahesabu stameni, wala si haki kumdai hivyo. Mchoraji wa mimea kwa ajili ya sayansi hana budi kuzihesabu. Zikiwa kumi, achore kumi. Tisa zikiwa zimeungana na moja imejitenga, mchoro uonyeshe hivyo hivyo, kwa maana huenda tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha jenasi moja na nyingine.

Ugumu wa kazi hiyo huonekana vizuri katika mti unaojulikana sana kusini, mninga. Mninga hutoa maua yake ya manjano kabla ya majani mapya kukunjuka, na maua hayo hayakawii kunyauka na kuanguka. Majani hufuata. Matunda huja baadaye na huweza kuning'inia mtini kwa miezi mingi: kila tunda ni duara lenye bawa jembamba pande zote, na katikati lina miiba iliyosimama kama mgongo wa nungunungu. Ua, jani lililokomaa na tunda lililokauka havipatikani kwa uzuri wake siku moja juu ya tawi moja. Kamera haiwezi kupiga picha ya miezi kadhaa kwa mara moja, bali mchoraji anaweza. Atauendea mti huo mara tatu, na katika ukurasa mmoja ataweka yote aliyoyaona, kila sehemu kwa kipimo chake. Picha ya namna hiyo haifanani na mninga wa siku yoyote, na hata hivyo humsaidia anayetaka kuutambua mti huo kuliko picha ya siku moja.

Si kila mara mchoraji huwa karibu na mmea hai. Aghalabu huletewa kipande kikavu kilichogandishwa juu ya karatasi ngumu katika hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa. Ua moja huchukuliwa na kulowekwa katika maji ya moto mpaka lilainike. Kisha hupasuliwa kwa sindano na wembe chini ya hadubini, na kila sehemu hutandazwa: sepali, petali, stameni, ovari. Juu ya hadubini huweza kufungwa kifaa cha vioo ambacho humwezesha mchoraji kuona ua na karatasi yake kwa wakati mmoja, hata penseli yake ikafuata mistari ya ua lenyewe bila kukisia. Mchoro wa penseli hukaguliwa na mwanabotania, na hapo ubishi huzuka mara nyingi, kwa kuwa wa kwanza huchora alichokiona na wa pili hutaka kuona alichokisoma. Wakishapatana, mchoro huandikwa kwa wino. Vivuli huwekwa kwa vitone vidogo vidogo au mistari myembamba, na kwa desturi mwanga huchukuliwa kuwa unatoka juu upande wa kushoto. Pembeni huwekwa mstari wa kipimo. Bila mstari huo, ua la milimita tano na ua la sentimita tano ni kitu kimoja machoni pa msomaji.

Mimea ya Afrika Mashariki ilianza kuchorwa kwa njia hiyo na watu ambao wengi wao hawakuiona kamwe ikiwa hai. James Augustus Grant, aliyesafiri na Speke kutoka Zanzibar kupitia Unyamwezi na Buganda kati ya mwaka 1860 na 1863, alikusanya mimea njiani na kuchora kwa rangi za maji. Mimea yake ilipotangazwa London kati ya mwaka 1872 na 1875, ilifuatana na michoro zaidi ya 100 ya Walter Hood Fitch, ambaye Unyamwezi hakufika. Fitch alikuwa bingwa wa kufufua ua lililokufa. Alichora maelfu ya mimea kwa bustani ya Kew, kisha akaacha kazi mwaka 1877 baada ya kugombana na mkuu wake, Joseph Hooker, juu ya malipo. Katika taaluma hii mwandishi wa jina la mmea hukumbukwa, na aliyeuchora husahauliwa mapema. Kwenye Mto Ruvuma wenyewe, John Kirk alipanda na Livingstone mwaka 1861 na tena mwaka 1862. Jina lake limo katika jina la kisayansi la mkusu, Uapaca kirkiana, mti wenye matunda yanayopendwa na watoto wa nchi za miombo.

Mfano wa ua la Usambara unafaa kutazamwa kwa makini zaidi. Mwaka 1892, ofisa wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka kwao mmea mdogo wa maua ya zambarau. Mwaka uliofuata Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia ionantha, na mwaka 1895 picha yake ya rangi ilitokea katika jarida la Curtis's Botanical Magazine, ambalo mchoraji wake mkuu wakati huo alikuwa Matilda Smith. Leo mmea huo hupandwa katika vyungu madirishani karibu dunia nzima. Mwaka 2015, baada ya uchunguzi wa chembe za urithi, wataalamu waliuhamishia katika jenasi ya Streptocarpus, hata jina la Saintpaulia likabaki kuwa la sehemu tu ya jenasi hiyo. Jina limebadilika, lakini picha ya 1895 haikuhitaji kurekebishwa hata mstari mmoja.

Thamani ya michoro kama ushahidi ilidhihirika kwa njia ya huzuni katika Vita Kuu ya Pili. Wakati wa utawala wa Wajerumani, vielelezo vingi vya Tanganyika vilipelekwa Berlin. Walter Busse alisafiri kusini mwa nchi mwaka 1900 na 1901, akafika Songea, na mimea aliyoikusanya iliingia katika hebaria ya huko. Mingi kati ya mimea ya makoloni ilipewa majina na Adolf Engler na wenzake, na kwa miongo kadhaa Joseph Pohl alichora maelfu ya michoro kwa ajili ya vitabu vya Engler. Mwanzoni mwa Machi 1943 ndege zilishambulia mji huo kwa mabomu, na sehemu kubwa ya hebaria ikateketea. Viliungua pia vielelezo asilia, yaani vile ambavyo majina ya spishi hutegemea. Mtaalamu wa leo anayetaka kujua ni mmea gani hasa uliopewa jina fulani mwaka 1900 hutafuta kwanza kama nakala ya kielelezo ilipelekwa mji mwingine. Asipoipata, hurudi kwenye mchoro uliochapishwa pamoja na jina. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea humruhusu kuuchagua mchoro wa namna hiyo ushike mahali pa kielelezo kilichopotea. Tangu tarehe 1 Januari 2007 spishi mpya ya mmea wa kawaida haiwezi kutangazwa kwa mchoro peke yake, na hilo ni sawa. Lakini kwa majina ya zamani, ukurasa mmoja wa wino umeokoa yale ambayo makabati ya chuma hayakuweza kuyalinda.

Baada ya vita kazi ilianza upya kwa mpango mkubwa zaidi. Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor, wote wa Kew, walikusanya mimea kwa wingi katika wilaya ya Songea mwaka 1955 na 1956. Baadaye Taylor alikuwa bingwa wa Utricularia, mimea midogo ya majimaji inayonasa wadudu kwa vifuko vyake, na mwaka 1989 alitoa kitabu chenye spishi 214. Ua la Utricularia likikaushwa hugandamana kama karatasi iliyoloa, kwa hiyo ni vigumu kufikiria kitabu hicho bila michoro yake. Vielelezo vya Songea viliingia pia katika kitabu kikuu cha mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda, Flora of Tropical East Africa. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1952 na ya mwisho mwaka 2012, nayo inaeleza spishi 12,104. Karibu kila jenasi imepewa angalau mchoro mmoja wa wino mweusi. Wachoraji wake ni wengi, na majina yao yamechapwa kwa herufi ndogo chini ya picha.

Katika Kenya mchoraji aliyejulikana zaidi alikuwa Joy Adamson, ambaye watu wengi humkumbuka kwa ajili ya simba wake Elsa. Kabla ya simba palikuwa na maua. Alifika Kenya mwaka 1937, akaolewa na Peter Bally, mwanabotania wa jumba la makumbusho la Nairobi, ambaye alimtia moyo achore mimea waliyoikuta safarini. Alichora mamia ya picha kwa rangi za maji, akipata mmea ungali na umande, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell. Hapo ndipo tofauti yake na Fitch: yeye aliketi mbele ya ua lilipoota.

Umuhimu wa jambo hili haujaishia katika vitabu vya historia. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mizizi minene ya okidi za porini huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba hadi mizizi milioni 4.1 ilikuwa ikivushwa kila mwaka. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, hulinda sehemu ya okidi hizo. Lakini okidi hutambuliwa kwa ua lake, na ndani ya gunia hakuna ua; kuna vitu vya mviringo vyenye udongo. Ofisa anayelikamata gunia hilo hawezi kusema kama ndani yake mna spishi iliyo tele au iliyo adimu. Mchoro unaoonyesha mzizi, jani na ua la mmea mmoja pamoja, kila kimoja kwa kipimo chake, huunganisha tena kile ambacho jembe limekitenga.

Kazi hiyo haidai mashine za gharama, na shule za sekondari zina fursa nzuri ya kuianza. Kwa bahati mbaya, michoro ya mazoezi ya biolojia huchorwa mara nyingi kutoka kitabuni au ubaoni. Mwanafunzi huchora ua la mhibiski alilolikariri huku mhibiski wenyewe umechanua nje ya dirisha, na mwalimu humpa alama kamili. Lililo bora ni kumpa ua halisi, wembe, lenzi ya mkono, penseli iliyochongwa vizuri na rula, kisha kumwachia achore hata yale yasiyolingana na kitabu. Nyuma ya karatasi aandike tarehe, mahali, kimo cha mmea, rangi ya ua likiwa bichi, na jina ambalo wazee wa hapo hulitumia. Mchoro usio na maelezo hayo ni pambo tu.

Kwa shule ya Nalasi au jirani zake, mninga unafaa kuanza nao, kwa sababu unalazimisha darasa kurudi kwenye mti mmoja mara tatu katika mwaka. Majani mekundu ya miombo ni magumu zaidi. Tawi likatwe asubuhi mapema na kutiwa katika chupa ya maji, rangi zilinganishwe kivulini na kuwekwa karatasini kwanza, kabla ya umbo, maana jani changa likikatwa hunyauka kabla ya adhuhuri. Umbo linaweza kumaliziwa kesho yake kutoka kwenye tawi lililokaushwa.