Je, Wajua? Nyota wa Kikapu na Wenzake

Fainali za NBA zikifika, stegi ya boda boda pale Muthara huwa na ubishi mmoja tu kila asubuhi: nyota ameshindwa, au ameangushwa na wenzake? Mechi huchezwa sisi tukiwa usingizini, kuanzia kama saa tisa na nusu usiku, kwa hiyo wengi hupata matokeo kwenye simu kabla ya abiria wa kwanza wa Mikinduri. Safu ya leo ni ya wabishi hao. Msimamo wangu nautaja mapema: mara nyingi nyota hunyimwa wenzake wa maana, na anayemnyima si yule kijana wa akiba aliyekosa kikapu. Ni ofisi.

Je, wajua kwamba mechi ya NBA ni dakika 48, na kwa kuwa watu 5 huwa uwanjani kwa wakati mmoja, kila timu ina dakika 240 za kugawia wachezaji wake? Nyota akicheza dakika 38, ambazo ni nyingi mno, bado 202 zinabaki mikononi mwa wengine.

Je, wajua kwamba Wilt Chamberlain alimaliza msimu wa 1961–62 na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, zikiwemo pointi 100 za usiku mmoja, tarehe 2 Machi 1962, na bado hakuiona fainali? Boston ya Bill Russell iliitoa Philadelphia yake katika mechi ya saba, 109–107. Russell hakuwahi kuzikaribia pointi za Chamberlain. Alichokuwa nacho kwa nyakati mbalimbali ni Bob Cousy, Sam Jones, Tom Heinsohn na John Havlicek, pamoja na kocha Red Auerbach aliyejua kuwatafuta. Alistaafu na ubingwa mara 11 katika misimu 13.

Je, wajua kwamba Michael Jordan, kabla ya Scottie Pippen kufika Chicago, alikuwa ameshinda mechi 1 tu ya mtoano na kupoteza 9? Katika mojawapo ya hizo 9, tarehe 20 Aprili 1986, aliifunga Boston pointi 63. Boston ikashinda baada ya nyongeza mbili, 135–131. Mwaka uliofuata meneja Jerry Krause, mtu ambaye Jordan hakumpenda, alimleta Pippen kutoka chuo kidogo cha Arkansas, na siku hiyohiyo ya usajili akamchagua Horace Grant. Ubingwa wa kwanza ulikuja 1991, ukafuatwa na mingine 5. Jordan wa 63 na Jordan wa ubingwa hawakutofautiana sana kwa kipaji. Tofauti ilikuwa kando yake.

Kwa nini nyota huanza na timu dhaifu? Kwa sababu ndivyo ligi ilivyopangwa. Timu iliyofanya vibaya ndiyo hupewa nafasi kubwa ya kumchagua chipukizi bora. Cleveland iliyompata LeBron James mwaka 2003 ilikuwa imetoka kushinda mechi 17 na kupoteza 65. Kijana wa miaka 18 anakabidhiwa nyumba iliyobomoka, kisha baada ya misimu michache anaulizwa mbona hajaijenga.

Je, wajua kwamba tarehe 31 Mei 2007, ugenini Detroit, LeBron alifunga pointi 29 kati ya 30 za mwisho za timu yake? Cleveland ilishinda 109–107, ikafika fainali, na huko San Antonio ikaifunga mechi zote 4. Mwaka 2010 LeBron alipohamia Miami kuungana na Dwyane Wade na Chris Bosh, mashabiki wa Cleveland walichoma jezi zake. Naielewa hasira ile, lakini ilielekezwa pabaya. Miaka 7 ni mingi kwa ofisi kumtafutia mtu kama yule mwenzake mmoja wa kutegemewa.

Na hili la 2018? Fainali, mechi ya kwanza, Cleveland ugenini kwa Golden State. LeBron ana pointi zaidi ya 45. Matokeo ni 107–107, zimebaki sekunde 4.7. George Hill anakosa mtupo wa adhabu, J. R. Smith anaunyaka mpira chini kabisa ya pete, mahali ambapo hata kijana wa shule angejaribu kufunga. Badala yake anageuka na kukimbia nao kuelekea katikati ya uwanja, huku LeBron akimnyooshea mikono kwenye kikapu. Muda unakwisha. Katika nyongeza Golden State inashinda 124–114. LeBron alimaliza na pointi 51. Wengi walimcheka Smith. Mimi humfikiria zaidi aliyepanga kikosi kilichofanya mechi kama ile imtegemee Smith.

Je, wajua kwamba pesa nazo huzuia? NBA ina kikomo cha mishahara, na msimu wa 2024–25 kilikuwa takriban dola milioni 140.6. Mchezaji mmoja mkongwe anaweza kuchukua hadi asilimia 35 ya kiasi hicho, yaani kama dola milioni 49. Wenzake 14 wanabaki na milioni 91 au hivi. Klabu huruhusiwa kuvuka kikomo, hasa kuwabakiza wachezaji wake yenyewe, lakini kadiri inavyovuka ndivyo kodi na masharti yanavyoikaba. Kwa hiyo mwenye timu anaposema hawezi kuongeza mtu, wakati mwingine anasema kweli, na wakati mwingine hataki tu kulipa kodi.

Tim Duncan alilitatua tatizo hilo kwa njia yake. Mwaka 2012 alikubali mshahara ushuke kutoka takriban dola milioni 21 hadi karibu 10 kwa mwaka, ili San Antonio iweze kuwabakiza wenzake. Manu Ginóbili, aliyechaguliwa wa 57 mwaka 1999, alikubali kuanzia benchi kwa miaka mingi. Mwaka 2014 walikuwa mabingwa. Hata hivyo sioni haki kumdai kila mchezaji apunguze mshahara wake wakati thamani ya klabu inapanda kila mwaka.

Je, wajua kisa cha Kevin Garnett? Kwangu hiki ndicho kisa kibaya kuliko vyote. Alikaa Minnesota misimu 12. Kuanzia 1997 hadi 2003 timu ilitolewa raundi ya kwanza mara 7 mfululizo. Mwaka 2000 ligi iligundua kwamba klabu ilikuwa na mkataba wa siri na mchezaji Joe Smith. Ikaitoza faini ya dola milioni 3.5 na kuipokonya haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya kwanza kwa miaka kadhaa. Yaani kosa lilifanyika ofisini, na adhabu ikamwangukia Garnett, kwa sababu chipukizi hao ndio wangekuwa wenzake. Msimu wa 2003–04, alipopewa Sam Cassell na Latrell Sprewell, alitwaa tuzo ya Mchezaji Bora wa Msimu na timu ikafika fainali ya kanda ya Magharibi. Mwaka 2007 akauzwa Boston kuungana na Paul Pierce na Ray Allen. Boston iliyokuwa imeshinda mechi 24 ilishinda 66, na mwaka 2008 ikawa bingwa katika msimu wa kwanza wa Garnett pale. Umri wake ulikuwa miaka 32. Miaka yake mizuri ya mwili ilikwisha akisubiri.

Mwenzake wa maana si lazima naye awe nyota. Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliipa Houston ubingwa wa 1994 bila mwenzake yeyote aliyechaguliwa mechi ya nyota mwaka ule. Alikuwa na Kenny Smith, Vernon Maxwell, Otis Thorpe, Robert Horry na Cassell aliyekuwa mgeni wa ligi: wengi wao watupaji waliomfungulia nafasi chini ya pete. Kila mmoja alijua kazi yake.

Je, wajua kwamba kikosi bora kilichowahi kusukwa kwa ajili ya nyota wa msimu mmoja kilisukwa na mtoto wa mama Mkenya? Masai Ujiri, aliyezaliwa Uingereza na kukulia Nigeria, mama yake ni daktari kutoka Kenya. Akiwa mkuu wa Toronto mwaka 2018, alimfukuza kocha Dwane Casey katika mwaka uleule Casey alipotwaa tuzo ya kocha bora, kisha akamtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mji kwa misimu 9, ili ampate Kawhi Leonard ambaye hakuna aliyejua kama angekaa. Wengi walimlaani. Lakini Ujiri alikuwa ameanza kujenga mapema. Pascal Siakam wa Kamerun alichaguliwa wa 27 mwaka 2016. Fred VanVleet hakuchaguliwa na mtu yeyote mwaka huohuo, Toronto ikamchukua. Serge Ibaka wa Kongo-Brazzaville alikuwepo, na Februari 2019 akaongezwa Marc Gasol. Leonard aliposhindwa kucheza mechi 22 za msimu, Toronto ilishinda 17 kati ya hizo bila yeye.

Tarehe 13 Juni 2019, mechi ya sita ya fainali, Toronto iliifunga Golden State 114–110. Kyle Lowry pointi 26, Siakam 26, VanVleet 22, Leonard 22. Nyota alizidiwa na wenzake wawili usiku wa ubingwa! Ni kweli Golden State ilikuwa na majeruhi wakubwa, Durant na Thompson, na hilo lisifichwe. Leonard akaondoka baada ya wiki chache. Kikombe kikabaki.

Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa upande wa pili wa habari hii: yeye ndiye aliyekuwa msaada. Februari 2001 aliletwa Philadelphia kumlindia Allen Iverson pete. Walifika fainali, Iverson akafunga 48 katika mechi ya kwanza, na hiyo ndiyo ilikuwa mechi pekee ambayo wapinzani wao, Lakers, walipoteza katika mtoano wote wa mwaka ule.

Je, wajua kwamba Luol Deng wa Sudan Kusini, aliyewahi kuwa mhimili wa Chicago pembeni ya Derrick Rose, baadaye alishika uongozi wa shirikisho la nchi yake na kutumia pesa zake kuijenga timu? Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, timu hiyo ilikaribia kuifunga Marekani. LeBron ndiye aliyeiokoa katika sekunde za mwisho, 101–100. Siku chache baadaye, Olimpiki ya Paris, Sudan Kusini iliifunga Puerto Rico 90–79. Nyota mmoja wa NBA wa kiwango cha LeBron hawakuwa naye. Walikuwa na watu 12 waliojiandaa.

Na sisi? Februari 2021, Yaoundé, Tylor Ongwae alitupa mpira wa mwisho na Kenya ikaifunga Angola, wakati huo bingwa wa Afrika mara 11, kwa 74–73. Kila mtu anaukumbuka mtupo ule. Wachache wanakumbuka kwamba pointi nyingine zilitoka kwa kikosi ambacho kocha Liz Mills alikuwa nacho kwa muda mfupi sana. Kenya ilirudi AfroBasket, mashindano ya bara, baada ya miaka 28, tangu ile ya Nairobi ya 1993 ambapo tulimaliza wa nne. Mwaka 2025 hatukuwemo tena. Ongwae alifanya lake, na shirikisho na wafadhili ndio wanaodaiwa jibu.

Mahali wenzake wa nyota wanapotengenezwa ni kwenye viwanja vya saruji vya shule, wakati wa michezo ya muhula wa kwanza. Huku Tigania utamwona kijana mrefu mmoja, kila mpira ni wake, na wenzake wanne wamesimama wakimtazama. Akihitimu, timu inakufa. Walimu wa michezo, nawaomba jambo moja msimu ujao: msiandike daftarini pointi peke yake. Andikeni pia nani alitoa pasi, nani alizuia, nani aliingia kutoka benchi akaokoa robo ya tatu. Siku ya kuchagua timu ya kaunti, lileteni daftari hilo.