Utumbo Unavuja Damu, Hitilafu Iko Moyoni

Kuna magonjwa ya mishipa ambayo kosa liko pale pale damu inapotokea. Katika kasoro ya Dieulafoy, kwa mfano, ateri iliyoshindwa kupungua unene inapokaribia utando wa tumbo huja ikapasuka. Ugonjwa wa Heyde hauna adabu hiyo.

Mzee anapata choo cheusi cha kunata, anaongezewa damu, anaruhusiwa, kisha anarudi wodini. Kamera haioni kidonda wala uvimbe. Mwaka 1958 daktari Mmarekani Edward Heyde aliandika barua fupi katika New England Journal of Medicine: ameona wagonjwa wapatao 10 wa namna hiyo, na wote vali ya aota moyoni imekakamaa kwa chokaa. Sababu hakuijua.

Sababu imo ndani ya damu. Protini ya von Willebrand hunasa chembe za kugandisha damu na kuzibandika penye jeraha, na kadiri ilivyo ndefu ndivyo inavyonasa vizuri. Kwa kawaida husafiri ikiwa imejikunja. Ikisukumwa kwa kasi kwenye tundu jembamba la vali mbovu, hukunjuka, na kimeng'enya kiitwacho ADAMTS13 hupata pa kuikata. Vinabaki vipande vifupi visivyo na nguvu.

Hata hivyo, damu lazima ipate pa kutokea. Baadhi ya wazee wana angiodisplasia, yaani vishipa vya utumbo vilivyotanuka, hasa mwanzoni mwa utumbo mpana, na huishi navyo bila habari. Protini hiyo ikipungua, vishipa hivyo huvuja bila breki. Tena kuna ushahidi kwamba protini yenyewe huzuia vishipa kuota ovyo.

Zamani wapasuaji walikata kipande cha utumbo, damu ikaibukia kwingine. Kubadilisha vali ndiyo tiba yenye mantiki: protini ndefu hurejea upesi, na kwa wagonjwa wengi damu hukoma. Vali ya tishu ya mnyama hupendelewa, kwa kuwa ya kutengenezwa kwa metali hudai warfarini maisha yote, dawa ambayo mtu huyu haihitaji hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kurudia kamera, kifua kisikilizwe. Mvumo wa vali hii husikika hadi shingoni.

Waliopandikizwa pampu ya kusaidia moyo nao hutokwa na damu utumboni vivyo hivyo. Vali zao huenda hazina chokaa, ila protini yao imekatwakatwa na mwendo wa pampu.