Je, Wajua? Maji Matamu Huwaua Wakazi wa Magadi

Je, wajua kwamba maji matamu, yale ambayo watu wa Kwa Vonza, huko Kitui, huyachimba mchangani mtoni wakati wa kiangazi, kuna kiumbe yanayemuua? Makao yake ni Ziwa Magadi, kaunti ya Kajiado. Ni kijidudu, jina lake Natronobacterium gregoryi, na wanasayansi walimweleza mwaka 1984. Amezoea chumvi kali na kipimo cha pH cha karibu 10. Akitiwa kwenye maji yasiyo na chumvi, maji humwingia kwa kasi, akavimba na kupasuka.

Ile rangi ya waridi juu ya ganda la magadi ni ya jamaa zake. Wengine hunaswa ndani ya punje ya chumvi, katika vijitone vidogo mno, na humo humo wakaendelea kuishi.

Kuwakuza maabarani kuna ufundi wake. Chakula chao hutiwa chumvi nyingi na magadi, ila magadi huchemshwa peke yake na kuchanganywa baadaye, la sivyo machicha hutuama chini ya chupa. Ni kazi ya uangalifu zaidi kuliko ya mitambo ya mamilioni. Ndiyo maana naona Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, chenye makao yake Kwa Vonza, kimekaa pazuri kwa elimu hii: joto na ukame viko mlangoni pake, na Magadi iko nchini humu humu.

Mwaka 2016 watafiti wa China walitangaza kwamba protini ya kiumbe huyu inaweza kuhariri jeni. Maabara nyingine zilijaribu zikashindwa, na makala ya watafiti hao wa China yakaondolewa mwaka 2017.

Na je, wajua kwamba maziwa yetu ya magadi yamewahi kupausha jinzi za ng'ambo? Sampuli zilizochukuliwa humo zilizaa vimeng'enya vya kulainisha na kufifisha kitambaa, kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mawe. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilidai mgawo wa faida kutoka kampuni ya Genencor ya Marekani, iliyouza vimeng'enya hivyo. Lilikuwa dai la haki, ingawa lilichelewa. Mwaka 2007 shirika hilo lilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, na mafunzo kwa Wakenya yakiwa sehemu ya makubaliano.